Familia ya Tanga: CD ya shangazi imekwaruzika

*Jumamosi jioni*

Salma: Asalaam aleikum wote. Kompyuta ya mama ya darizi diski yake ya ndani ilikufa, fundi wa hapa mtaani akaweka nyingine na kupiga Windows upya. Sasa ile programu ya kuchorea nembo tunairudisha kwa CD yake. Inaanza vizuri, ikifika katikati inaganda, halafu inaandika kosa la CRC, yaani imeshindwa kusoma sawasawa. Idi upo?

Shangazi Zuhura: Na shule zinafungua Januari. Sweta za watu zimejaa ndani hazijatiwa nembo, usingizi hauji.

Baba Mkubwa Rajabu: Zuhura tulia dada yangu. Chukua dawa ya meno, paka upande unaong'aa, sugua na kitambaa, suuza. CD zetu za taarabu tulikuwa tunazifanya hivyo na zinaimba.

Idi: Waaleikum salaam. Shikamoo baba mkubwa, shikamoo shangazi. Naomba dawa ya meno isiiguse kwanza. Na isiendelee kujaribiwa kwenye kompyuta, itoeni muiweke mahali haiguswi na kitu.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu.

Idi: Dada Salma, nipigie picha pande zote mbili. Halafu ishike mbele ya taa uniambie kama kuna mahali mwanga unapenya kama tundu la sindano.

Salma: *[picha]* *[picha]* Mwanga haupenyi popote. Ila upande unaong'aa una mikwaruzo mingi, ilikuwa kwenye droo pamoja na makasi bila kasha.

Idi: Na ufa je? Angalia pale kwenye tundu la katikati.

Salma: Hakuna ufa.

Idi: Alhamdulillah. Ingekuwa na ufa ningewaambia msiirudishe kabisa, maana CD inazungushwa kwa kasi kubwa, ikiwa na ufa inaweza kupasukia humo ndani na vipande vikaharibu na kisomeo chenyewe.

Sasa shangazi, nisikilize vizuri maana hapa pana matumaini. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki tupu. Kilichoandikwa hakiko upande unaong'aa, kiko juu kabisa, chini tu ya yale maandishi na picha. Kuna utando mwembamba wa alumini, juu yake varnishi, juu ya varnishi wino. Mwanga wa kusomea unatoka chini, unapita kwenye plastiki, unagonga alumini na kurudi. Mkwaruzo wa chini unausumbua mwanga njiani, lakini maandishi yenyewe yapo. Mkwaruzo wa upande wa picha ndio unaobandua alumini, na ikishabanduka hakuna fundi wa kuirudisha. Ndiyo maana nilitaka uishike mbele ya taa.

Baba Mkubwa Rajabu: Kwa hiyo upande wa picha ndio wa kulindwa zaidi.

Idi: Kwa CD ndiyo, baba mkubwa. DVD ni tofauti, yenyewe maandishi yamebanwa katikati ya plastiki mbili.

Mwanahamisi: Shikamoo shangazi, poleni sana. Lakini kwa nini msipakue tu hiyo programu? Huku Mombasa nawaona vijana wa sayba wanazo zote, zimeshavunjwa kufuli.

Idi: Da Mwanahamisi, hizo zilizovunjwa kufuli naziogopa kweli. Nimeshapokea mashine za wateja zilizoliwa na virusi vya namna hiyo, mtu amepoteza mafaili yote ya kazi. Na shangazi hii programu aliinunua kwa jasho lake, namba yake ni ya halali. Salma, kasha lenye namba lipo?

Salma: Kasha lipo kabatini, kibandiko cha namba kinasomeka. Na kile kidude cha kuchomeka USB ambacho bila chenyewe programu haifunguki, mama anacho kwenye mkoba wake.

Idi: Basi mali yenyewe mnayo. Namba ipigeni picha leo leo, na hicho kidude kisitoke nyumbani. CD inaweza kunakiliwa, kidude kikipotea ni kununua upya.

Shangazi Zuhura: Aliyeniuzia nilimpigia mchana. Anasema toleo hilo halipo tena, ninunue jipya. Bei aliyoitaja sina.

Idi: Usinunue kitu kwanza. Nikuulize, nembo za hizo shule ni mpya au ulishawahi kuzishona?

Shangazi Zuhura: Moja ni ya kila mwaka. Moja mpya.

Idi: Ile ya kila mwaka iko kwenye flashi unayochomeka kwenye cherehani?

Shangazi Zuhura: Iko.

Idi: Basi hiyo anza kuishona kesho asubuhi. Cherehani inasoma yenyewe faili la DST, yaani lile la mishono ya nembo, kutoka kwenye flashi, haihitaji kompyuta hata kidogo. Kompyuta tunaihitaji kwa kuchora nembo mpya tu. Na CD ikikataa kabisa, kuna programu ya bure inaitwa Ink/Stitch, inafanya kazi ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea ya bure, inafungua DST na kuandika DST. Utajifunza upya vitufe, ila kazi haitalala.

Shangazi Zuhura: Mungu akubariki Idi. Hilo la flashi hakuna aliyeniambia. Hata yule fundi.

Idi: Amina. Sasa CD nileteeni Dar kwa basi la asubuhi. Salma, kabla ya kuifunga ifute vumbi kwa kitambaa laini cha pamba na maji kidogo. Toka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe.

Salma: Kwa nini nisizungushe?

Idi: Maandishi yamepangwa kwa kuzunguka. Kisomeo kina hesabu za kujaza herufi zilizokosekana, kinaweza kuruka pengo la milimita 2 na kidogo kikaendelea kama hakuna kilichotokea. Mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda nje unaufuta kila mzunguko kipande kidogo tu, hesabu zinakijaza. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta mfululizo mrefu wa mahali pamoja, hapo hesabu zinashindwa. Ukifuta kwa kuzungusha, chembe moja ya mchanga inakuchorea mkwaruzo wa aina hiyo mbaya.

Na dawa ya meno baba mkubwa, siikatai. Inafanya kazi kwa sababu ni msasa mwepesi, inalainisha kingo za mkwaruzo. Lakini inakula plastiki, na mkono ukikosea huwezi kurudi nyuma. Kwanza tunakopi kinachosomeka, kusugua kuwe mwisho.

Baba Mkubwa Rajabu: Nimekuelewa mwanangu.

*Jumatatu usiku*

Idi: Shangazi, habari njema. Nimeinakili.

Shangazi Zuhura: Allahu akbar 😭🙏

Salma: Yote??

Idi: Karibu yote, na kilichokosekana hakituhusu. Niliwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, nikatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ni ya bure. Windows ikikuta mahali pabovu inang'ang'ania hapo hapo halafu inaacha kazi yote. Hii inachukua kwanza panaposomeka kirahisi, pabovu inapaandika kwenye daftari lake, kisha inarudi kupajaribu polepole. Baadaye nikahamishia CD kwenye kisomeo cha kompyuta kubwa ya zamani, nikaipa daftari lile lile, na sehemu nyingi zilizomshinda wa kwanza wa pili akazisoma. Visomeo havilingani macho.

Kitu kingine kilichotusaidia, CD inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kinyume cha santuri za zamani. Programu yenu ni MB 240 tu na CD inabeba 700, kwa hiyo ile mikwaruzo mibaya ya ukingoni iliangukia mahali patupu. Palipobaki pabovu nimeangalia ni mafaili gani: video ya mafunzo, na maelezo ya msaada ya Kitaliano.

Mwanahamisi: Hayo ya Kitaliano yabaki huko huko. Hongera sana Idi.

Idi: Nimeijaribu kwenye laptopu yangu, imekwenda hadi mwisho. Salma nimekutumia kiungo, pakua, bofya faili mara mbili Windows itaifungua kama CD. Ondoa alama kwenye video wakati wa kuchagua vya kuweka. Kidude chomeka baada ya kumaliza, si kabla.

Salma: Inapakua... Imefunguka. Imefika palepale ilipokuwa inaganda... imepita!

Shangazi Zuhura: Imeomba kidude. Nimechomeka. Imefunguka, naona nembo zangu za kwenye flashi. Idi sina la kukulipa.

Idi: Ukishamaliza sweta nishonee kofia moja, inatosha. Hiyo nakala iweke kwenye flashi mbili, moja ikae kwa baba mkubwa.

Baba Mkubwa Rajabu: Nitaitunza. Idi, nami nina CD za harusi yetu, zile alizotuchomea mpiga video. Moja imeanza kukatakata ingawa haina mkwaruzo.

Idi: Hizo za kuchoma zinaandikwa kwenye utando wa rangi uliomo ndani, na rangi inafifia, hasa kwa jua na joto. Ziko wapi sasa?

Baba Mkubwa Rajabu: Juu ya televisheni, karibu na dirisha.

Idi: Naomba uzitoe hapo leo, baba mkubwa. Mpe Salma azitie kwenye basi la kesho, zote, hata zinazocheza vizuri.