Kifuniko cha kukinga taa za tangi la samaki

Mfugaji, Kisumu: Ndugu zangu, taa za LED zilizo juu ya tangi langu hurushiwa matone na mvuke usiku kucha, hata skrubu zake zimeanza kushika kutu. Je, nizikinge kwa kioo, au kwa plastiki angavu, yaani akriliki au polikaboneti? Tangi lina urefu wa sentimita 90.

Fundi wa Kondele: Akriliki hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, lakini kipande chembamba, kikilowa upande wa chini huku wa juu ukiwa mkavu, hupinda. Usikifute kwa dawa ya vioo yenye amonia, kwa maana huleta nyufa ndogo ndogo.

Mama Samaki, Nakuru: Mimi ningechagua kioo cha milimita 4 kilichosuguliwa kingo: hakipindi, na chokaa inayoachwa na matone hutoka kwa siki. Polikaboneti haivunjiki upesi, ila hukwaruzika ovyo, na isiyo na kinga ya miale ya jua hugeuka manjano.

Mfugaji, Kisumu: Asante, mama. Kioo kimoja kitatosha?

Mama Samaki, Nakuru: Agiza vipande viwili, uwe unainua kimoja wakati wa kulisha, na uache mwanya nyuma ili hewa ipite.