MJADALA: Fedha za utafiti wa saratani ya watoto wapewe watafiti vijana, au tumalize kwanza nauli za wagonjwa?

Mtoa mada (Kigoma)
Wakuu, salaam. Juzi kwenye treni ya kwenda Tabora nilikaa mkabala na mama mmoja na mwanawe, miaka sita hivi. Taya la kushoto limevimba, kafungwa kitenge kichwani. Mama anasema walijua ni jino. Limeng'olewa moja, likang'olewa la pili, uvimbe unazidi. Sasa ana barua ya rufaa ya Muhimbili. Anachovya mkate kwenye chai, mtoto anaunyonya tu.

Sisemi yule ana nini, mimi si daktari. Ila taya la namna hiyo ndilo lililomshtua daktari mpasuaji Denis Burkitt kule Uganda, akaandika mwaka 1958 kuhusu saratani hiyo ya watoto, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu la pauni 250, wakazunguka hospitali hadi Afrika Kusini wakiuliza: mnawaona watoto wa hivi? Wakakuta ugonjwa unaandama maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria. Na malaria, sisi na Tabora tunaijua.

Hoja yangu: mfuko wa COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, utenge ruzuku ndogo kwa vijana wanaoanza, wachunguze saratani za watoto huku huku. Fomu nyingi za ruzuku humtaka kijana aonyeshe tafiti alizokwisha kufanya. Azitoe wapi?

Mwaloni Kibirizi
Napinga. Yule mtoto hana haja na mtafiti, ana haja na nauli, na mganga wa zahanati anayejua kwamba si kila taya ni jino. WHO wanasema nchi tajiri zinaponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, nchi nyingi maskini chini ya 30. Dawa za hiyo saratani ya Burkitt zinajulikana tangu miaka ya sitini. Wanaokufa wamechelewa, au dawa zimeisha, au mzazi ameacha tiba njiani. Kijana wako ataandika makala, apande cheo, ahamie Dar.

Mtoa mada
Mzazi ameacha njiani kwa nini? Wewe unasema nauli. Mwingine atakwambia ni mihogo shambani na watoto wanne walioachiwa jirani. Kasulu na Kibondo nani amewafuata nyumbani akawauliza? Huo nao ni utafiti, na hauhitaji mashine. Pikipiki na daftari vinatosha.

Nesi Mstaafu (Tabora)
Wanangu, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Mtoto anakuja na homa, damu imepungua, bandama kubwa. Tunaandika malaria, anaongezewa damu, anarudi nyumbani. Mwezi haujaisha karudi tena, mweupe kama karatasi. Wangapi walikuwa na saratani ya damu? Rejista haisemi, kwa sababu sisi wenyewe hatukuiandika. Mimi ningempa kijana fedha aanzie hapo.

Ila niwaseme na hao vijana. Walikuja wengine na madodoso yao, wakachukua damu, wakatuahidi majibu. Soda ya kuagana tulikunywa, majibu mpaka leo.

Fundi Ujiji
Mtoa mada, mfano wako unakubana. Burkitt mwaka 1961 alikuwa na miaka 50, daktari wa serikali mwenye mshahara wake. Kijana gani huyo?

Mtoa mada
Umenipata, kaka. Namwondoa Burkitt. Namleta Yvonne Barr. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London kwa mtafiti Anthony Epstein, naye akapata dola 45,000 kutoka taasisi ya saratani ya Marekani, akaajiri wasaidizi. Barr ni mmoja wao, shahada ya uzamivu alikuja kuipata 1966. Mwaka 1964 kirusi walichokikuta kwenye uvimbe huo kikatangazwa, leo kinaitwa Epstein-Barr. Uvimbe ulikuwa wa watoto wa Uganda, jina likabaki London. Hilo linaniuma, nisifiche.

Mwaloni Kibirizi
Haya, nalegeza kidogo. Ruzuku iwe na sharti: sehemu ya fedha ni nauli na chakula cha mgonjwa atakayegunduliwa. Ukimkuta mtoto anaumwa, hukunji daftari ukaondoka.

Nesi Mstaafu
Na majibu yarudi wodini.

Mtoa mada
Nakubali yote mawili. Robo ya fedha iende kwenye nauli?

Mwaloni Kibirizi
Nusu.

Mtoa mada
Nusu, pikipiki itanunuliwa na nini?

Mwaloni Kibirizi
Baiskeli zipo.