Akili inaponyaje mwili? Madaktari wa humu njooni

Mdadisi: Wadau, kama akili na mwili ni vitu viwili tofauti kama alivyodai mwanafalsafa Descartes, inakuwaje mtu anameza kidonge kisicho na dawa yoyote na maumivu yanapungua?

Dokta wa zamu: Mkuu, Descartes mwenyewe alibanwa na swali linalofanana na lako mwaka 1643, binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimuuliza roho isiyo na umbo inausukumaje mwili, na kwa maoni yangu jibu lake halikutosheleza. Sisi tuna cha kushika kidogo, 1978 watafiti waliwapa watu waliong'olewa meno naloksoni, dawa inayozuia mofini isifanye kazi, na ile nafuu ya plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, ikapungua, kumbe ubongo ulikuwa unajitengenezea endofini zake, kemikali za kutuliza maumivu zinazofanya kazi kama mofini. Matumaini yana kemia bana.

Kiazi: Kwahiyo tuwaze mazuri tu tupone 😂

Dokta wa zamu: Hapo ndo watu wanateleza. Plasebo inagusa maumivu, kichefuchefu, uchovu, ila uvimbe wa saratani hauusogezi. Na kuna upande wa pili, nosebo, ukimwambia mgonjwa "hii itauma sana" anaumia zaidi kweli, ndo maana mi nachunga mdomo wangu kuliko hata peni.

Mama Falsafa: Ila si ni kumdanganya mgonjwa?

Dokta wa zamu: Sio lazima dada. 2010 Kaptchuk wa Harvard na wenzake waliwaambia wagonjwa wa tumbo waziwazi kwamba vidonge havina dawa, bado wakapata nafuu kuliko wasiopewa kitu.

Mdadisi: Duh, sasa hapo imani iko wapi?