Oda moja inapunguza stoo mara mbili: kosa langu au la API?

fundi_usiku: Wakuu, habari za kazi. Tangu Jumatatu silali vizuri. Nina duka la viatu la mtandaoni, na nimeandika mwenyewe programu ndogo ya kuliunganisha na mfumo wangu wa stoo. Mteja akilipa, jukwaa la duka, kupitia API yake (njia ya programu kuongea na programu), linatuma arifa (webhook) kwenye seva yangu. Naipokea, napunguza stoo, natengeneza lebo ya mzigo ya PDF, namwandikia mteja barua pepe, kisha najibu 200, yaani "nimepokea".

Jumatatu viatu vyeusi saizi 42 vilibaki pea moja. Ikanunuliwa, stoo ikasoma -1. Kufungua logi: oda 1187 imeingia 09:14:07, ikaingia tena 09:14:19. Malipo ni mamoja. Mteja kapata barua pepe mbili, akaniuliza kama pea ya pili ni zawadi. Nilicheka, lakini cha moyoni nakijua mwenyewe.

Nataka niweke sharti: oda ya mteja yule yule ndani ya dakika moja ipuuzwe. Mnaonaje?

mama_seva: Usiweke hilo sharti, ndugu yangu. Mtu anaweza kununua pea yake, akakumbuka ya mwanawe, akarudi baada ya sekunde 40. Halafu marudio mengine huja baada ya saa nzima, dakika yako imeshapita zamani.

Jukwaa halina kosa hapo. Linabisha hodi, wewe uko ndani unapanga viti kabla hujasema karibu, basi linabisha tena. Shopify, jukwaa la maduka ya mtandaoni, kwa mfano hungoja jibu sekunde 5 tu. Hebu pima PDF yako inachukua muda gani.

Pokea, hakiki saini (alama inayothibitisha arifa imetoka kwa jukwaa kweli), hifadhi ujumbe kama ulivyo, jibu 200. Basi. Lebo na barua pepe zipeleke kwenye foleni, zishughulikiwe pembeni.

Pili, arifa hubeba kitambulisho chake. Kwa Shopify kimo kwenye kichwa cha ombi (maelezo yanayotangulia ujumbe), X-Shopify-Webhook-Id, na arifa ikirudiwa kinakuja kile kile. Kiweke kwenye jedwali, safu hiyo uipe sharti la upekee, hifadhidata yenyewe ikatae nakala. Usianze kuuliza "kipo?" ndipo uandike: nakala mbili zikifika kwa pamoja zote zitajibiwa "hakipo" na zote zitapita. Andika moja kwa moja, ukikataliwa nyamaza. Na kupunguza stoo kuwe ndani ya muamala huo huo wa hifadhidata, kimoja kikianguka vyote virudi.

kobe_wa_data: Naongezea hapo kwenye saini, maana ilinila siku mbili. Hiyo HMAC-SHA256 (kanuni ya kutengeneza saini kwa ufunguo wa siri) inakokotolewa juu ya baiti zile zile zilizotumwa. Mimi nilikuwa nasoma JSON (muundo wa data ulio ndani ya ujumbe) kwanza, naigeuza kuwa maandishi tena, ndipo nakagua. Nafasi moja tupu ilikuwa inapotea njiani, saini zote zinagoma, nami nabadilisha ufunguo wa siri kila baada ya dakika kumi.

jongoo77: Mnazungumzia zinazokuja mara mbili. Zisizokuja kabisa je? WooCommerce, mfumo mwingine wa maduka ya mtandaoni, kwa mpangilio wake wa kawaida, arifa ikishindwa kufika mara 5 mfululizo inazimwa. Seva yako ikilala usiku mmoja, asubuhi kimya, na utadhani hakuna biashara.

Weka skripti ya usiku iulize API oda zilizobadilika tangu mara ya mwisho, na irudi nyuma saa moja ya ziada. Ila oda hizi haziji na kitambulisho cha arifa, kwa hiyo iruke zile ambazo hali yake umeshaishughulikia. Na angalia kurasa: WooCommerce hutoa oda 10 kwa ukurasa usipotaja idadi, mwisho 100. Nimeona mtu akisoma zile 10 za kwanza akaenda kulala. Ukipata 429, yaani "umeomba mara nyingi mno", pumzika, usilazimishe.

fundi_usiku: Mama_seva, nimepima. PDF peke yake sekunde 7! Nimeipeleka kwenye foleni. Nikatuma arifa moja mara 20 kwa curl (zana ya kutuma maombi kwa seva), ikaandikwa mara moja tu. Raha.

Lakini leo mteja kaghairi oda, na stoo haikurudi. Arifa ya kughairi ilifika, ikakataliwa kama nakala. Sharti la upekee nililiweka kwenye namba ya oda 🤦🏾

mama_seva: Nilisema kitambulisho cha arifa! Oda moja huzaa arifa nyingi: imelipwa, imebadilishwa, imeghairiwa. Ulizifungia mlango zote isipokuwa ya kwanza.

fundi_usiku: Nimerekebisha, ya kughairi imepita. La mwisho: zile hesabu zilizoharibika kabla ya leo nazirudishaje? API yenyewe inanipa namba zile zile mbovu nilizoiandikia.

jongoo77: Ingia stoo na kalamu, uhesabu maboksi.

fundi_usiku: Naenda. Saizi 42 naanza nayo.