Mrejesho: kamera sasa inageuka kwa ulaini

Niliuliza kwa nini kamera ya mchezo wangu, ikitoka nyuzi 350 kwenda nyuzi 10, ilizunguka nyuzi 340 kinyume badala ya 20 tu. Nilipoacha pembe na kutumia kwaternioni (namba nne ambazo kwa pamoja hueleza mwelekeo), kasoro ilipungua lakini haikuisha, kwa kuwa kwaternioni q na −q (alama zote zikigeuzwa) huwakilisha mwelekeo uleule, na hesabu ingeweza kufuata njia ndefu. Hivyo sasa nazidisha vijenzi vya kwaternioni ya mwanzo na ya mwisho jozi kwa jozi na kujumlisha majibu, na jumla ikiwa hasi nageuza alama za kwaternioni mojawapo kabla ya kukokotoa mielekeo ya kati. Pia kiwango cha 0.1 ya mzunguko uliobaki kwa kila fremu (picha moja ya mchezo), kilichoharakisha kamera kwenye kompyuta zenye kasi, nimekibadilisha kuwa 1 − e^(−kt), t ikiwa muda wa fremu na k namba ya kupanga kasi ya kugeuka. Nawashukuru kwa dhati mlionielekeza.