MREJESHO: Mabomba ya HDPE yenye vipele ndani

Wakuu, nilileta kwenu tatizo la mabomba yetu ya maji ya HDPE (aina ngumu ya plastiki ya polithilini) tunayotengeneza kiwandani: nje yanang'aa, ndani ukipitisha kidole unakuta vipele kama ngozi ya kenge. Wengi mlisema joto limezidi, mmoja akasema unyevu. Tulishusha joto kwanza, hakuna kilichobadilika. Tukakausha malighafi kwa nyuzi 80 kabla ya kuimwaga kwenye mashine, na vipele vikaisha. Wa unyevu, Mungu akubariki sana.

Polithilini yenyewe hainywi maji. Kinachokunywa maji ni kaboni nyeusi, ile masizi laini yanayochanganywa kwenye malighafi kwa asilimia 2 hadi 2.5 ili kukinga bomba na jua. Ghala letu masika lina unyevu mwingi. Maji hayo yakikutana na nyuzi 200 ndani ya mashine yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaoleta vipele. Upande wa nje bomba linavutwa na vakyumu (mfyonzo wa hewa) likagandamana na kalibreta ya baridi, yaani kile kifaa kinacholipa bomba umbo na kipimo chake, kwa hiyo madhara yanaonekana zaidi ndani, ambako plastiki bado ni laini.

Bosi amekubali kununua kikaushio cha kukaa juu ya hopa, lile pipa la kumwagia malighafi kwenye mashine. Mwenye uzoefu nacho, hasa ulaji wake wa umeme, naomba aniambie kabla hatujalipa.