Darizi ya Bibi Salme 🧵 Unguja–Hamburg

*Da Mkubwa, 08:12*
Asalaam aleikum. Msafiri wetu anaondoka Ijumaa usiku. Vipande viwe kwangu Alhamisi baada ya Alasiri. Shughuli ni 29 Februari, siku aliyofariki Bibi Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, 1924. Tukiikosa, tungoje miaka 4! Mpaka sasa nnavyo viwili tu.

*Da Mkubwa, 08:15*
Kipande cha jumba la Mtoni alikozaliwa, na mama yake Jilfidan, kimekwisha, Mama Vuga ahsante. Meli ya Highflyer iliyomtorosha Unguja 1866, ninayo. Bega la ngamia alilojifunzia kuandika nani alichukua?

*Da Mkubwa, 09:30*
Mnasoma mnanyamaza.

*Binti Malindi, 09:41*
Waalaikumu salaam. Ninalo mie, ila linatoka kama muhogo

*Shemeji Altona, 09:42*
Wa nazi au wa kukaanga?

*Binti Malindi, 09:42*
😂😂 na samaki wa kupaka

*Shemeji Altona, 09:43*
Huku baridi, msinitie njaa

*Da Mkubwa, 09:50*
Jamani. Wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika marufuku. Yule mtoto kanakili herufi za msahafu peke yake, kwa siri. Mfupa uonekane mfupa! Tia uzi mweusi pembeni, mshono wa mnyororo. Shemeji, tramu ya 1870 imefika wapi?

*Shemeji Altona, 10:20*
Nimeshona reli tu, Dada. Nikifika hapo mkono unagoma. Mumewe kagongwa na tramu kafa, watoto 3, kitinda mimba hata miezi 4 hajatimiza, na Kijerumani ndio kwanza anajifunza. Mie nilikuja huku na mume na simu, na bado nililia mpaka baridi ikaisha.

*Mama Vuga, 13:05*
Nani ataunga vipande safari hii? Maana mwaka ule changu kilikatwa pembe, na pole sikuambiwa.

*Da Mkubwa, 13:06*
Mama Vuga, hilo lilikwisha.

*Mama Vuga, 13:06*
Lilikwisha kwako.

*Binti Malindi, 16:30*
Na jina tushone lipi? Emily Ruete, la ubatizo na la mumewe Mjerumani, au Salme binti Said?

*Bi Mkubwa, 21:03*
Wanangu nimesoma yote. Shoneni Salme, ndilo alilopewa na wazee wake. Dini yake tumwachie Mola. Lakini kitabu chake cha 1886 kimeutetea utumwa. Bibi yake mama yangu alikuwa mjakazi kwenye mikarafuu. Mkishona Mtoni mkamwacha aliyechota maji, mie jina langu msilitie.

*Shemeji Altona, 21:40*
Shikamoo Bibi. Hapa Hamburg uwanja mmoja uliitwa kwa jina lake 2019, wakaja wakaliondoa kwa maneno hayo hayo ya kitabuni.

*Da Mkubwa, 22:15*
Shikamoo Bibi. Nimekusikia.
Mama Vuga, chini ya mnazi pana nafasi ya mtu na mtungi?

*Mama Vuga, 22:31*
Pana. Nitashona mwenyewe. Pembe isiguswe.

*Da Mkubwa, 22:31*
Haiguswi.

*Binti Malindi, 22:34*
Huyo wa mtungi tumwandike nani?

*Da Mkubwa, 22:58*
Kipande cha mfuko wa mchanga wa Unguja aliozikwa nao makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, bado hakina mtu. Nani?

*Jirani wa Kikwajuni, 00:17*
Samahani, ndio nafungua simu. Bafta imebaki?